Birika la Kuposea

Magadi,
11 Februari 1996

Kwa dada yangu Nzisa, mwana wa mwaitu, mama yetu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mwanao Roy kama bado anatoka Athi River kuja kula kwako, halafu kuku wako wote, wakubwa kwa wadogo. Mimi niko hai. Jana tuliambiwa joto limefika digrii arobaini na moja, na Gitonga, huyu tunayepakia naye magunia, akasema hizo zilipimwa kivulini, mahali ambapo mimi na yeye hatujawahi kufanyia kazi. Mgongo uko mahali pake, ila siku hizi unanikumbusha kila nikiinama. Mikono imepasuka kwa magadi, kwa hivyo usiutazame sana mwandiko. Hata ingekuwa laini kama ya karani, unajua niliachia darasa la sita.

Sasa keti chini nikueleze. Niko na birika la stima.

Mzungu mmoja wa mitambo alikuwa anarudi kwao mwezi uliopita, akatoa vitu vya nyumba nje aviuze. Watu waligombania friji, wakagombania godoro, wawili nusura wapigane juu ya pazia. Mimi nikaondoka na birika. Walinicheka mpaka nikapotea kwenye kona. Ni la chuma kinachong'aa, lina mkia wa waya, na tumboni mna kitu kimejikunja kama nyoka aliyelala. Hicho ndicho kinachochemsha.

Dada, wewe unajua nilivyokuwa nikiishi. Natoka shifti, naingia nyumba ambayo yenyewe ni tanuri, halafu niwashe stovu ya mafuta taa humo ndani? Chai ingeiva na mimi ningeiva. Siku nyingi nilikunywa maji ya mtungi nikalala na buti. Miaka saba tangu tumzike Mutindi, Mungu amrehemu mke wangu, nafikiri sijanywa chai ya nyumbani kwangu mara kumi.

Sasa hivi naingia, natia maji, nachomeka kwenye soketi, nabonyeza. Nafungua kamba za buti la kushoto. Birika linaanza kunung'unika polepole kama mzee asiyekubaliana na mahubiri. Nafungua la kulia, linatetemeka. Nikinawa uso, kifuniko kinacheza na mvuke umejaa dirishani, linaniita. Halijui kujizima, lazima nikimbie. Halafu nakaa mlangoni na singlendi, kikombe juu ya goti, naangalia ziwa likigeuka jekundu jua likishuka. Siku ya kwanza nilikunywa vikombe vinne. Cha tano nilichemsha tu nisikie lile birika. Nikacheka peke yangu, mtu mzima wa miaka arobaini na miwili.

Kuna jambo lingine. Nataka kuoa. Anaitwa Nyaguthii, anafua nguo za nyumba ya wageni ya kampuni, na nyumba yake ni ile ya pembeni katika laini yetu ya nyumba za kampuni. Ana miaka thelathini na tisa, hajaolewa. Haongei sana, lakini akisema, umesemwa. Tulivyojuana si jambo la kuandika kwenye barua. Mama yake anaitwa Mwihaki, ni mjane, anafuga kuku wa mayai Isinya. Huyo mama amesema hatajibu neno lolote mpaka aende kwa watu wangu Jumapili moja, akae, anywe chai, awaone. Akiridhika, atakubali. Asiporidhika, Nyaguthii amesema hawezi kwenda kinyume cha mama yake, na mimi siwezi kumwomba afanye hivyo.

Watu wangu ni wewe. Sina wengine. Naomba umpokee.

Ndimi mdogo wako,
Mwololo

—

Kitengela,
9 Machi 1996

Mwololo ndugu yangu,

Barua yako ililetwa na Kisilu, yule mwenzako anayefanya kazi kwenye treni ya magadi, mpaka Kajiado, ikakaa kwake, ikapewa mtu wa mboga, ndiyo ikanifikia. Hapa tu wazima. Roy anakuja, anakula, anaondoka na nguo zilizopigwa pasi. Kuku saba wamekufa kwa kuhara, waliobaki wanataga kama wanaonifanyia hisani. Nalangu, yule mama Mmaasai anayeniletea maziwa, anakusalimu. Alisema, "Mwambie supai," nikamwitikia "Epa" kwa niaba yako. Kanisani wamenichagua mweka vyombo, kwa hivyo kila sahani ikivunjika ni mimi.

Stima pia niko nayo tangu Desemba, usidhani ni nyinyi wa kampuni tu. Fundi aliniwekea balbu moja na soketi moja. Kwenye soketi tunachomeka redio ya Roy, na nikitoka naichomoa na kuweka kiti mbele yake.

Kuhusu hilo birika, nimesoma nikacheka mpaka Nalangu akauliza ni nani amekufa akaacha mali. Mwololo, chai inapikwa. Nilikufundisha mwenyewe ukiwa hujafika kiunoni mwangu. Unatia maji na maziwa nusu kwa nusu, majani, sukari, tangawizi kama ipo. Inapanda, unaipuliza, inashuka, inapanda tena. Hapo ndipo ladha inaingia. Hiyo yako ya kuchemka kabla hujavua buti ni maji ya moto yaliyopakwa rangi. Ndiyo maana unakunywa vinne, hakuna hata kimoja kilichokushibisha.

Punguza kuinua gunia peke yako. Paka mikono mafuta ya kondoo.

Hilo jambo lingine nimeliona.

Wacha niende, kuku wananiita.

Dada yako,
Nzisa

—

Magadi,
31 Machi 1996

Kwa Nzisa,

Salamu zangu zikufikie kabla ya Pasaka, na pole kwa kuku saba. Huku mvua ilipita juu yetu ikaenda kunyesha kwa watu wengine. Gitonga ameangukiwa na gunia mguuni, sasa napakia na kijana mmoja ambaye anaimba kutwa nzima, sijui nani amemdanganya.

Barua yako nimeisoma kwenda na kurudi, nikaipindua, nikatazama na ndani ya bahasha. Kuhusu Nyaguthii hakuna kitu. "Nimeliona." Hata kipofu angeandika zaidi ya hapo.

Sitakulazimisha. Nitakueleza tu jioni zangu, ujihukumie mwenyewe. Saa kumi na moja anatoka kufua. Mikono yake imekunyata kwa sabuni, yangu imepasuka kwa magadi, ukituona tumeiweka mezani utafikiri ni vitu vya kuchongwa. Anakuja na tangawizi mfukoni. Mimi nachemsha maji. Yeye anaiponda hiyo tangawizi kwa kitako cha kikombe, anamimina maji juu ya majani, anafunika kwa sahani, halafu ananikataza kugusa. Tunangoja. Dada, ule wakati wa kungoja ndio mtamu kuliko chai yenyewe. Yeye ananiambia ni mgeni gani ameacha shuka chafu kuliko wengine. Mimi namwambia gunia gani lilipasuka. Wiki iliyopita tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, na hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka tulicheka nini. Ukiniona utasema huyu si yule aliyekuwa akija kwako mwisho wa mwezi na kulala kwenye kiti kabla ya chakula.

Sasa nimefanya hivi. Nimempa Kisilu birika langu akuletee. Limo kwenye boksi, nimelifunga na sweta yangu ile ya kijani. Mama Nyaguthii akija, akute nyumba yenye stima na birika linalong'aa, aone kwamba binti yake haendi kwa watu wa kubahatisha. Nalitoa mimi mwenyewe kwa moyo wangu. Jioni zetu zitakuwa kavu, tumekubaliana, Nyaguthii amesema ni kama kufunga Kwaresima kwa kuchelewa.

Sharti ni moja. Ndani yake tia maji peke yake. Maziwa yachemshe kando. Usiniulize kwa nini.

Niandikie siku. Jumapili yoyote.

Mwololo

—

Kitengela,
12 Mei 1996

Ndugu yangu Mwololo,

Hatujambo. Roy amepata kazi ya kudumu hapo Athi River, amehamia kabisa, hata nguo haleti tena. Nyumba imekuwa kubwa.

Birika limefika juzi Ijumaa pamoja na barua yako ya mwezi wa tatu. Usinilaumu mimi. Kisilu alilifikisha Kajiado salama, mke wake akaliona, na mtoto wao alikuwa anabatizwa. Likatumika kwenye ubatizo. Halafu jirani yake akawa na wageni. Nimelipata likiwa na harufu ya nyumba tatu, na sweta yako imebaki huko, usiiulize.

Ni zuri, siwezi kusema uongo. Nimejiangalia ubavuni mwake nikajiona nimenenepa. Nimelifulia kitambaa cha kufuma, nikaliweka kwenye kabati la vioo katikati ya vikombe vya harusi. Nalangu alikuja kulitazama na dada zake wawili.

Nimempelekea huyo mama habari kwa mtu anayeenda Isinya. Nimesema Jumapili tarehe mbili Juni nitakuwa nyumbani baada ya kanisa. Sijasema lolote zaidi. Jumapili ni siku kama siku nyingine, na mtu akipita mlangoni kwangu haachwi juani.

Hilo sharti lako la maji peke yake nimelisoma. Umekaa kapera muda mrefu, Mwololo. Unataka nimwekee mama wa watu turungi nyeusi ndani ya kikombe, halafu nimletee maziwa kwa kijagi kidogo kama ya mgonjwa? Arudi Isinya aseme kwamba kwa kina Mwololo maziwa yanapimwa? Nitapika chai ya heshima, mle mle ndani ya hilo birika, mbele ya macho yake, akiona. Nalangu ameniahidi lita mbili za ng'ombe mmoja. Wewe kaa na magunia yako, hii kazi niachie.

Nzisa

—

Magadi,
25 Mei 1996

Nzisa, Nzisa, dada yangu,

Salamu utazipata mwisho wa barua nikikumbuka. Barua yako imenifika leo Jumamosi. Kisilu anaondoka kesho na treni, ameapa kwa mtoto wake aliyebatizwa kwamba hii itakufikia kabla ya Alhamisi. Naandika nikiwa nimesimama.

Usitie maziwa. Nakuomba. Usitie maziwa ndani ya hilo birika.

Haya, nitasema. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya vile vikombe vinne nilivyokuandikia, nilipika chai ndani yake jinsi ulivyonifundisha. Maji nusu, maziwa nusu, majani, sukari, kila kitu. Nikabonyeza. Nikakaa mlangoni kuvua buti kama mfalme. Dada, yale maziwa hayakuniita. Maji yanapiga kelele, lakini maziwa yanapanda kimyakimya. Nilipogeuka kifuniko kilikuwa kimeshafika kwenye dari. Povu lilishuka mezani, likafuata waya kama linajua njia, likaingia kwenye soketi. Pakalia paa, ikatoka cheche ya bluu, na nyumba kumi na sita za laini yetu zikazimika.

Wewe hujakaa Magadi. Taa si kitu. Lakini zilizimika na feni. Saa kumi na moja jioni, watu wametoka shifti, wamelala sakafuni chini ya feni, na feni zote zinasimama pamoja. Walitoka nje na taulo. Nilisikia mtu akisema aliyefanya hivyo afungwe kwenye reli. Mimi nilikuwa nimeushika mlango kwa ndani.

Nyaguthii ndiye alibisha. Nilikuwa namjua kwa salamu tu. Aliingia, akaangalia dari, akaangalia birika, akaniangalia mimi na majani kwenye nyusi. Akauliza, "Ni wewe umetuzimia feni?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Funga mlango."

Alipiga magoti akapangusa. Alichukua ndimu akachemsha nayo birika mara tatu mpaka yule nyoka wa ndani akarudi kung'aa. Fundi wa kampuni alipopita akiuliza, yeye ndiye alisimama mlangoni kwangu akamwambia amesikia harufu kama panya ameguguna waya. Nyaguthii ni mzee wa kanisa, dada. Alidanganya kwa sababu yangu na hata hakuwa amenijua jina la pili. Siku iliyofuata akaja na tangawizi kunifundisha jinsi linavyotumika.

Hivyo ndivyo tulijuana. Sikukuambia kwa sababu mtu wa miaka arobaini na miwili hapendi kumwandikia dada yake kwamba amepata mchumba kwa kuungua na maziwa. Na sasa kwa aibu yangu nimekutumia bomu ndani ya sweta.

Ukisoma hii kabla ya Jumapili, nimepona. Ukisoma baadaye, usinijibu haraka.

Hamjambo wote.

Mwololo

—

Kitengela,
9 Juni 1996

Mwololo,

Barua yako ya tarehe ishirini na tano ilifika Jumanne. Mama Nyaguthii alifika Jumapili. Hesabu mwenyewe.

Hapa tu wazima, na ukuta nimeshaupaka chokaa.

Alikuja saa saba kamili, peke yake, viatu vyeusi vimepigwa rangi mpaka unaweza kuchania nywele, na trei ya mayai mkononi. Mayai, kwangu mimi mwenye kuku. Nikajua ananipima. Nikamshukuru kama mtu ambaye hajawahi kuona yai. Akakaa ukingoni mwa kiti. Nikamuuliza habari za Isinya, akasema ni nzuri. Nikamuuliza habari za kuku, akasema ni wazuri. Akaniuliza wewe ni wa kanisa gani, nikamwambia. Akaniuliza unakunywa pombe, nikamwambia uliacha. Halafu tukasikiliza ibada ya redio kwa Bedan, jirani yangu, mpaka sadaka ikapita.

Nikatoa birika kabatini na kitambaa chake. Nilikuwa nimeshalijaza kule nyuma, maziwa ya Nalangu mpaka shingoni, majani, sukari, tangawizi. Nikaliweka juu ya meza ya katikati, mbele ya magoti yake, aone vizuri. Nikaondoa kiti kwenye soketi, nikachomeka. Nikamwambia, bila kuulizwa, kwamba ndugu yangu ndiye amelinunua, kwamba kwetu siku hizi hatupepei makaa. Alitikisa kichwa kidogo. Nikaona nimeanza kushinda.

Tukalitazama, wanawake wawili wazima tumekaa tunatazama birika kama televisheni. Halikusema kitu. Nikafikiri, tazama lilivyo na adabu.

Kifuniko kiliinuka polepole kama kofia ya mtu anayesalimia, kikaenda. Halafu likatapika, Mwololo. Kitambaa changu nilichofuma wiki tatu kikaogelea. Mayai yakawa kama yamepakwa sabuni ya kunyolea. Mimi nikaruka kulishika, likaniunguza, nikaliachia, likamwagika kwenye vile viatu vyeusi. Soketi ikalia, ukutani kukawa na mwanga wa bluu, redio ya Bedan ikakatika katikati ya baraka, na nyumba zote za ploti yetu nikasikia milango inafunguka. Bedan akauliza kwa sauti ni nani anacheza na stima siku ya Bwana.

Nilisimama hapo na mkono mdomoni. Nikasema moyoni, Mwololo wangu amekosa mke, na ni mimi nimemkosesha.

Mama Mwihaki alikuwa hajasogea. Jani moja la chai lilikuwa limemkaa kwenye shavu. Aliangalia viatu, akaangalia birika, akaniangalia. Akasema kwa kile Kiswahili chao cha Isinya, polepole, "Sasa mama, hii ndio chai yenu ya Ukambani?"

Nikamwambia ukweli tu, kwamba sijawahi kulitumia hata siku moja, kwamba umeniandikia nisitie maziwa na nimekataa kwa sababu sikutaka aone maziwa yanapimwa.

Alianza kutikisika mabegani. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, anajizuia, halafu akashindwa, akashika ukuta, akateleza, akakaa chini sakafuni ndani ya chai na nguo ya kanisani. Nami kumwona hivyo nikakaa chini kando yake, nikacheka. Bedan alichungulia dirishani akatukuta tuko chini tunashikana mikono, akarudi zake akidhani tumepigwa na stima.

Tulipopata pumzi akavua viatu, akajifunga leso yangu kiunoni, akauliza jiko liko wapi. Nikamkataza, mgeni haingii jikoni siku ya kwanza, tena mgeni wa shughuli kama hii. Hakunisikia. Aliwasha makaa mwenyewe, akaosha sufuria iliyokuwa safi, akapika kwa maziwa yaliyobaki. Alitia majani mengi kuliko mimi, sitakuficha, na ikawa tamu kuliko yangu. Tukanywa hapo hapo jikoni, kwenye viti vya miguu mitatu, vikombe vitatu kila mtu.

Kwenye cha pili ndipo alisema. Nakuandikia maneno yake jinsi yalivyotoka, "Kwa watu wengine ningekuja mwaka mzima nikitafuta ujinga wao umefichwa wapi. Hapa nimeonyeshwa kabla ya kikombe cha kwanza. Msichana wangu anaweza kukaa na watu kama hawa. Tuma wazee."

Sikumwambia kuhusu dari yako ya Magadi. Wakati huo nilikuwa sijui. Ningejua, ningemwambia.

Nzisa

—

Magadi,
23 Juni 1996

Dada yangu mpendwa, mweka vyombo wa kanisa, mzima taa wa Kitengela,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Barua yako niliisoma kwa sauti mlangoni, Nyaguthii amekaa juu ya ndoo. Tulipofika kwenye lile jani shavuni mwa mama yake alianguka kutoka kwenye ndoo. Gitonga alitoka kwake kwa mguu mmoja akaomba nianze tena mwanzo. Nikaanza tena. Sasa laini nzima inajua ni nani alizima feni mwezi wa kwanza, na fundi wa kampuni amekuja kunipa mkono, amesema kwa miezi mitano amekuwa akitega panya.

Tunakunywa maji ya mtungi na tumelewa kwa furaha. Jana nilipakia magunia na yule kijana anayeimba, na saa sita nikajikuta naitikia.

Lakini nimesoma barua zako zote tena, nimezipanga kwa tarehe. Umeniandikia alivyosema Mama Mwihaki. Umeniandikia hata alivyosema Bedan. Wewe mwenyewe hujasema. Mama yake amekubali, lakini wangu ni wewe, ulininywesha uji kwa kijiko. Sitatuma mzee yeyote kabla hujaniandikia neno lako.

Na birika, lilikufa? Niambie polepole.

Mwololo

—

Kitengela,
14 Julai 1996

Mwololo ndugu yangu,

Hatujambo, baridi ni kali, wewe ungeipenda.

Birika halikufa. Fundi aliyeniwekea stima alilifungua, akalikwangua, akabadilisha fyuzi, akaniuliza nilikuwa nakaanga nini. Sirudishi. Asubuhi kabla kuku hawajajua nimeamka natia maji, maji peke yake, nafanya turungi ya tangawizi, nakunywa kitandani na blanketi mabegani. Miaka hamsini na moja sijawahi kunywa chai kitandani isipokuwa nikijifungua. Nakunywa na cha pili. Mkisikia hamu, mtanunua lenu.

Umetaka neno langu. Ulipoandika mara ya kwanza sikupenda. Mutindi alipofariki ulianza kuja kwangu kila mwisho wa mwezi, na hata ulipolala kwenye kiti bila kuongea, mimi nilikuwa na mtu wa kufunika. Roy naye alikuwa anajiandaa kuondoka, nilimwona. Nikafikiri, huyu akioa, atakuwa na kiti chake mahali pengine. Kwa hivyo nilikuandikia kuhara kwa kuku. Niliomba hata kwa Mungu, samahani kwa kusema hivi, kwamba huyo mama wa Isinya asipende. Na siku ile birika lilipomwagika ombi langu lilikuwa limejibiwa mbele ya macho yangu, na nilitamani kulirudisha mdomoni. Hapo ndipo nilijua nataka uoe. Nilijua nikiwa na mkono umeungua.

Kwa hivyo neno langu ni ndiyo, na Nyaguthii ni dada yangu tangu alipokuambia ufunge ule mlango.

Nina haraka kidogo. Mwihaki amekuja hapa Jumapili nne zimefuatana, amenipa dawa ya ile kuhara, hakuna kuku aliyekufa tena. Sasa anataka tufuge pamoja, vifaranga mia, nusu kwake na nusu kwangu. Jumapili ijayo tunaenda Kajiado kuviangalia, kwa hivyo usitume mtu, hatatukuta. Ananicheka sana, nami namcheka, hatuna wakati wa kunyamaza tena.

Wazee nimeshawatafuta mwenyewe. Ni Jumamosi tarehe kumi Agosti, Isinya, saa nne asubuhi. Omba ruhusa kazini mapema, uje na shati lililopigwa pasi. Usipopewa ruhusa usihangaike, mimi na Mwihaki tumezungumza na tumekubaliana, tutakuozesha hivyo hivyo.

Dada yako,
Nzisa